Kakuru Alibaki, Kato Akaenda Rugu

Nyaishozi, Karagwe,
Wilaya ya Bukoba.
Jumapili, 23 Septemba 1951.

Mpendwa mwanangu Methodius,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Shikamoo uliyoniletea katika barua yako ya Julai nimeipokea, marahaba, mwanangu. U hali gani huko Jinja? Je, kile kikohozi ulichokipata kwa vumbi la saruji kimepoa? Mama yako anauliza kama unalala kitandani au chini. Nimemwambia kwamba mtu mzima mwenye mshahara hawezi kukosa kitanda, lakini hakuridhika. Tafadhali mjibu mwenyewe.

Mimi naendelea na kazi ya ukatekista. Goti la kulia linauma asubuhi na kuacha jua likipanda. Mama yako anapika, analima, anateka maji, anaongea kidogo. Mvua zimeanza mapema mwaka huu, na migomba ya upande wa bondeni imesimama vizuri. Kahawa tumekwisha ichuma na kuianika.

Bila shaka umeona kwamba sikuandika yale maneno tunayoyaandika siku zote, kwamba sisi sote hatujambo. Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu tulipotoka kusali, na maneno hayo yamekataa kuandikika. Mwanao Kakuru amefariki dunia. Alifariki Jumamosi, tarehe mosi mwezi huu, saa nne asubuhi, mikononi mwa mama yako. Ndugu yake Kato ni mzima, yuko Rugu kwa shemeji yako Eseri, dada wa marehemu mkeo.

Najua ya kuwa simu ya maandishi ingekufikia upesi zaidi. Sikuipeleka. Simu ina maneno sita au saba tu, na jambo hili lina maneno mengi, na mengi kati yake yananishitaki mimi. Kwa hiyo nitayaandika yote kwa utaratibu wake, nawe usome mpaka mwisho kabla ya kuhukumu.

Ulipoondoka, mapacha walikuwa na siku arobaini, na kaburi la marehemu mke wako lilikuwa halijaota jani. Wanawake walimwita Margreth Nyinabarongo, mama wa mapacha, kwa siku kumi na moja tu, kisha wakamzika. Uliniachia watoto wawili, ukasema, “Baba, wewe unajua linalofaa.” Nilikubali, kwa sababu nami niliamini kwamba najua.

Mwezi wa Oktoba nilikuandikia kwamba tumekubaliana na Eseri amchukue Kato, kwa kuwa alikuwa ananyonyesha mtoto wake aliyeanza kula, na ana maziwa ya kutosha. Hayo ni kweli. Lakini sikukuandikia jinsi tulivyokubaliana. Nakuandikia sasa.

Eseri alikuja mwenyewe na mumewe Muhangi, wakiwa wameleta ng'ombe wa kukamwa, jike jekundu aitwaye Gaju, ili mtoto atakayebaki apate maziwa. Alikaa mkekani, akawapakata wote wawili, mmoja kila goti, akawapima kwa macho kama wapimavyo ndama. Wawili asingeweza. “Muhangi hakunioa katika zizi,” alisema, na wanawake wakacheka. Kisha akamwinua Kakuru.

“Mwalimu, nipe huyu mwembamba. Huyu mnene ataishi hata kwa uji wenu.”

Nikamjibu kwamba Kakuru ni mkubwa, na mtoto mkubwa hatoki katika nyumba ya babu yake.

“Mkubwa kwa muda gani?”

“Kwa robo saa.”

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. “Robo saa! Basi njoo Rugu na saa yako, Mwalimu, ukawaandike na ndama wangu katika daftari, nani kamtangulia nani.”

Mama yako alinigusa mkono. Aliona alichokiona Eseri. Mimi sikuona ila kwamba mwanamke mgeni anataka kunipangia nyumba yangu mbele ya watu. Nikasema Kakuru atabaki, Kato ataenda, na neno hilo halirudiwi. Eseri akamrudisha Kakuru mkekani polepole, akamfunga Kato mgongoni. Alipofika kwenye ua aligeuka, akasema, “Haya, mkubwa, kaa na ukubwa wako.” Hakusema kwa hasira. Lakini nimelisikia neno hilo kila siku kwa wiki tatu hizi.

Sasa nitakueleza maisha ya mwanao, maana ni haki yako kuyajua, nayo hayakuwa ya huzuni tupu.

Gaju alitupa maziwa mema kwa miezi sita. Kakuru alianza kukaa bila kushikwa mwezi wa Machi. Jino la kwanza lilitoka wiki ya Pasaka, la chini, upande wa kushoto. Siku tatu baadaye mtu aliyetoka Rugu alituletea habari kwamba Kato naye ametoa jino, la chini, upande wa kushoto. Mama yako alishangilia kana kwamba wamepatana kwa barua. Unajua desturi ya hapa: mapacha hupewa kila kitu sawasawa. Kwa hiyo kila alipomlisha Kakuru, mama yako alitenga tonge moja dogo ukingoni mwa sahani kwa ajili ya yule aliye mbali. Nilimwambia mara nyingi kwamba ni kupoteza chakula. Alinisikiliza, akaendelea kutenga.

Neno lake la kwanza lilikuwa “tata”, yaani baba, nalo alilitamkia jogoo. Nilimsahihisha. Alinitazama kwa makini sana, akamgeukia jogoo, akasema tena, “Tata.” Siku ile nilicheka, jambo ambalo mama yako aliwahadithia majirani.

Aprili Gaju aliugua, akafa kwa siku nne. Ulikuwa ni ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua ng'ombe sehemu nyingi. Muhangi alikuwa tayari kutupa mwingine, lakini amri ya karantini ilikuwa imekwisha kutoka: ng'ombe yeyote asihamishwe kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapa kwetu Nyaishozi, jirani yetu Rwegoshora alikuwa na jike mmoja, akatugawia kikombe kimoja kwa siku mpaka ng'ombe huyo alipokauka maziwa mwishoni mwa Mei. Baada ya hapo tulimlisha Kakuru kama tulivyokulisha wewe: uji wa ulezi, ndizi zilizopondwa, mchuzi wa maharage. Lakini wewe ulikuwa na titi la mama yako mpaka ulipofikisha miaka miwili. Hilo sikulipima.

Katika barua yangu ya Julai nilikuandikia kwamba Kakuru amenenepa. Uso ulikuwa mviringo, na miguu imejaa, nami nilifurahi kukuandikia. Haikuwa habari ya kweli, mwanangu, ingawa nilipoiandika niliiamini. Alikuwa amevimba. Alikuwa ameacha kutambaa. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na nyepesi, nami nikadhani ni jua. Alikaa mlangoni, hakumtafuta tena jogoo.

Tarehe tisa Agosti walitimiza mwaka mmoja. Mama yako alipika, akatenga sahani mbili. Siku ileile habari ilikuja kutoka Rugu: Kato amesimama peke yake, amepiga hatua mbili, ameanguka, na amekasirika. Mama yako alimtazama Kakuru, akatoka nje.

Alirudi akaniambia, “Mpeleke na huyu kwa Eseri. Mtoto wake amekwisha acha kunyonya. Titi moja li wazi.”

Nilimjibu kwamba tungoje.

Tarehe kumi na tano alimbeba mwenyewe mpaka dispensari bila kuniomba ruhusa. Dresa alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, alama ikabaki kama katika unga uliokandwa. Akamwambia, “Mama, huyu hataki dawa yangu. Anataka maziwa.” Mama yako aliniletea maneno hayo kama yalivyo. Nami bado nilingoja. Utaniuliza nilingoja nini. Nilingoja karantini iondolewe, ng'ombe aje, mambo yarudi katika mpango niliouweka. Na ndani kabisa, chini ya sababu hizo zote, sikutaka kumbeba mtoto mwenyewe mpaka kwa mwanamke yule na kusema mbele ya mumewe kwamba yeye aliona na mimi sikuona. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine zote nilizitunga.

Mama yako aliniomba siku kumi na nne. Alhamisi, tarehe thelathini, yeye mwenyewe alikataa kula. Ndipo nikasema sawa, nitampeleka. Akaanza kumfunga nguo palepale. Nikamwambia, “Si leo. Jumapili nina ibada, padre hayupo. Tutaondoka Jumatatu.” Akasema, “Byabato, ibada hata mtoto wa shule anaweza kuisoma.” Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa yetu alikuwa hajapata kuniita kwa jina langu tupu. Nikarudia kwamba ni Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Kakuru aliharisha, akapoa mikono. Nilikuwa uani nikitengeneza mpini wa jembe. Mama yako hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni naye mikononi, akasimama tu. Nikajua.

Tulimzika jioni ileile, karibu na mama yake. Sala nilizisoma mimi. Sasa nisikilize, kwa sababu jambo hili linaweza kukushangaza kutoka kwangu. Wazee wa hapa hawasemi kwamba pacha amekufa, wala hawamlilii, wakiogopa kwamba kilio kitamvuta mwenzake. Nimelipinga jambo hilo katika mafundisho kwa miaka ishirini na minane. Nimewaambia watu kwamba machozi si dhambi wala si hatari. Siku ile walikuja watu wengi, na hakuna aliyelia hata mmoja. Wanawake walikaa na leso vinywani. Mama yako alikaa katikati yao, macho makavu, akiangalia njia ya Rugu. Sikumsahihisha mtu. Nami sikulia. Kama nilinyamaza kwa imani au kwa hofu, sijui, na nimeliungama kwa padre bila ya kulijua.

Bado mama yako anatenga tonge ukingoni mwa sahani. Simwambii tena kwamba ni kupoteza chakula.

Sasa naingia katika jambo linalotaka neno lako.

Siku ya tisa baada ya maziko, baba yako mdogo Rugemalira alikuja na wazee wawili wa ukoo. Alinipa pole, akakaa, akasema, “Kaka, nyumba yako haina mtoto wa kiume, na mtoto yupo. Nenda ukamchukue.”

Nikamwuliza, “Atakunywa nini?”

“Atakunywa walichokunywa wengine. Sisi sote tulikua.”

“Kakuru hakukua.”

Unamjua Rugemalira, hana elimu, lakini maneno hayampotei. Akasema, “Kaka, wewe mwenyewe ulisema mbele yetu kwamba mtoto mkubwa hatoki katika nyumba ya babu yake. Sasa mkubwa ni nani?”

Kanuni ilikuwa yangu. Wazee walitikisa vichwa kukubali, wakasema Mwalimu hawezi kulikataa neno lake mwenyewe. Kwa hiyo Alhamisi, tarehe kumi na tatu, nilichukua nguo ya kubebea mtoto, nikaondoka alfajiri kwenda Rugu.

Nilifika jua likielekea kushuka, ndama wakiwa wamefunguliwa uani. Kato alikuwa katikati yao. Anatembea, Methodius. Anatembea kwa kupanua miguu kama mzee aliyekunywa, na akiyumba hushika sikio la ndama aliye karibu, na ndama humvumilia. Tumbo linang'aa. Juu ya mdomo alikuwa na mstari mweupe wa maziwa. Nilimwita, “Kato!” Alinitazama. Na uso ule ulikuwa wa Kakuru, uleule, ila haukuvimba, na ulikuwa na hasira na afya. Akakimbia, akajificha katika nguo za Eseri.

Habari zilikuwa hazijafika kwao. Kwa sababu ya karantini watu walikuwa hawapiti sana njia ile, na wale waliopita walikuwa wamenyamaza kwa desturi niliyokueleza. Eseri aliiona nguo begani kwangu kabla sijasalimu.

“Umekuja kumchukua,” akasema.

“Nimetumwa.”

“Na yule mwembamba je? Anatembea?”

Nikamwambia. Alimpandisha Kato kiunoni, akaenda naye nyuma ya zizi, akakaa huko mpaka ng'ombe wakubwa waliporudi kutoka malishoni. Muhangi alinipa kiti na maziwa katika kyanzi, kile chombo chao cha mti kinachofukizwa moshi wa nyasi. Sikuweza kuyanywa. Hakunilazimisha, naye ni mtu ambaye kukataa maziwa yake ni kumtukana.

Eseri aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Nilidhani atanikumbusha yale ya robo saa. Ningefurahi kama angenikumbusha. Alisema tu, “Ni mtoto wenu. Ukimtaka, mchukue. Lakini maziwa, Mwalimu, sitaweza kukufungia katika bahasha.”

Nililala kwao, na asubuhi nikarudi Nyaishozi na nguo yangu, mikono mitupu. Mama yako alikuwa amesimama njiani. Aliniangalia mgongoni, akaona hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alinishika mkono.

Rugemalira amekasirika. Anasema nimeuza mtoto wa ukoo kwa wafugaji kwa kikombe cha maziwa. Jumapili mbili hizi hakuja kusali. Ukoo utakutana Jumapili ya kwanza ya Novemba, tarehe nne, na wamesema kwamba nisipomleta mtoto kabla ya siku hiyo, watatuma wanaume wawili kumchukua. Mimi ni mmoja, nao ni wengi, na hoja yao ni maneno yangu mwenyewe. Wanaloweza kuliheshimu ni neno la baba wa mtoto, kwa mwandiko wake.

Barua huchukua siku kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano. Usikae na hii. Ukiandika kwamba Kato arudi, nitakwenda kumchukua mimi mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiwe baba yake, nami nimekwisha amua mara moja katika jambo hili. Ukiandika kwamba abaki Rugu mpaka aache kunyonya, nitaisoma barua yako mbele ya ukoo wote, nikisimama. Na ukiniuliza maoni yangu, ingawa sistahili kuulizwa, ni haya: abaki. Hata asipokijua kiti changu. Hata akiwa mchunga ng'ombe asiyejua kusoma. Abaki.

Ukiweza kupata ruhusa uje, usianzie hapa. Kaburi halitakwenda mahali. Pita Rugu kwanza. Nakutahadharisha kwa mambo mawili. La kwanza, Kato anamwita Muhangi “tata”. Usikasirike, wala usimsahihishe. La pili, usimwite kwa jina. Mimi nilimwita, akakimbia. Kaa chini uani, karibu na ndama, unyamaze, umwache aje mwenyewe. Na akija, utaona uso wa Kakuru kama ambavyo ungekuwa leo kama ningemsikiliza mwanamke mmoja kwa dakika moja. Mimi sikuwa nimejiandaa kuuona. Wewe jiandae.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema usiache kula kwa ajili ya habari hii. Dada yako Stephania anakusalimu pamoja na mumewe. Walikuja kwenye maziko wakakaa siku nne. Rwegoshora anakupa pole. Eseri na Muhangi wanakusalimu, na Eseri amesema nikuambie kwamba Kato ana meno sita na anauma.

Mungu aliye Baba wa yatima akulinde katika kazi, akupe faraja ambayo mimi sina ya kukupa, na aufungue moyo wako uandike upesi.

Wako akupendaye, ingawa hakuwatunza wote wawili uliomwachia,

Baba yako,
Yustus Byabato.